Laki Tisa kwa Jogoo Aliyekwishaliwa

Naomba nianze na jogoo. Watu wa mtaani kwetu wakisimulia habari zangu huwa wanaanzia ukutani, usiku ule nilipokamatwa, na ukianzia ukutani utaniona mtu wa ajabu.

Jogoo nilimnunua 25,000 mnadani Msalato, Jumamosi moja ambayo nilikwenda kula nyama choma na nikarudi na ndege mzima. Alikaa kwangu miezi minne. Usiku mmoja wa mwezi wa tano akaondoka na mgeni, pamoja na ndoo ya lita ishirini (6,000) na malapa yangu yaliyokuwa mlangoni (3,000 yakiwa mapya, na hayakuwa mapya). Jumla 34,000. Huyo kibaka, sijui alikuwa na haraka au alichanganya gizani, aliacha malapa yake palepale. Nikiwa mkweli, yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nikayavaa. Ninyi mngeyafanya nini?

Sasa mjue kwamba Nkuhungu niliyokulia mimi haikuwa na kuta. Marehemu baba alitafuta kiwanja hapa baada ya kusikia, mwaka 1973, kwamba makao makuu yanahamia Dodoma. Alisema tuwahi kabla serikali haijafika. Tukawahi kweli. Tuliwahi kwa miaka arobaini na mitatu, mpaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii ni kuhama kwelikweli, na wakati huo mzee wangu alikuwa ameshahamia makaburini. Uzio wetu ulikuwa wa minyaa. Mtu akipita unamjua, na unajua anakwenda kukopa kwa nani. Sensa ya 2012 ilitukuta watu kama 411,000. Ya 2022 ikatukuta zaidi ya 765,000, na katikati hapo, Aprili 2018, tukawa jiji. Siku hizi nikikutana na mtu uchochoroni nikamuuliza, "Wewe nani?", naye ananiuliza mimi nani, tena kwa sauti ya mwenye nyumba.

Mama Neema hakumlilia jogoo. Alisimama mlangoni, akatazama manyoya mawili yaliyobaki, akasema, "Baba Neema, leo jogoo, kesho sisi." Akaingia ndani. Sentensi hiyo imenigharimu laki tisa.

Grili za madirisha manne, 320,000. Fundi wa kuchomelea alitaka kuweka maua maua ya nondo, nikamwambia, "Baba, mimi simkaribishi mtu harusini." Geti la chuma, 450,000. Kufuli, 15,000, na ule ufunguo ni mrefu kuliko mkono wa Neema. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, 45,000. Kuongeza kozi mbili juu ya ukuta na kuchomeka vipande vya chupa, fundi alichukua 40,000 na chupa nitafute mwenyewe. Nikaenda kuokota zilizovunjika nyuma ya baa. Mzee wa kanisa akanikuta saa nne asubuhi, siku ya kazi, natoka uchochoro wa baa na kiroba cha chupa za bia kinalialia mgongoni. Nilimweleza. Alisikiliza kwa upole sana. Jumapili iliyofuata nikaombewa kwa jina.

Mbwa, 30,000. Nilimpa jina la Kamanda ili ajue matarajio yangu. Kamanda anaogopa upepo. Mnaoishi Dodoma mnanielewa. Kuanzia Juni hadi Septemba huku kwetu upepo haupulizi, unafanya kazi. Unahamisha vumbi la Kizota kwenda Nkuhungu, na wiki inayofuata unalirudisha. Kamanda akisikia bati limegonga tu, anaingia chini ya kitanda cha watoto na hatoki mpaka jua liwake. Kwa hiyo katika miezi minne ya hatari, nyumba yangu ndiyo inayomlinda mbwa.

Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la Neema. Laki tisa kamili. Ni majogoo thelathini na sita. Ningeweza kusimama getini nikagawa, kila kibaka wa kata nzima na jogoo wake, tukaagana kwa amani, nikabaki na wa mbegu.

Basi, kumbe hayo yote ni ulinzi wa ndani. Wa nje ulikuwa bado.

Tuliitwa mkutano wa mtaa. Polisi kata alikuja, kijana mstaarabu, akazungumza mambo ya maana bila kutisha watu. Dharura piga 112, moto 114. Wajueni wapangaji wenu. Msimpige mtuhumiwa, mleteni kituoni. Halafu akasema, na neno hili ninalikumbuka kwa maumivu: "Usiku usimfungulie mtu mlango eti kwa sababu anakuita kwa jina. Majina yetu wahalifu wanayajua." Nilimwona Mama Neema akiandika. Amepiga na mstari chini.

Likapita azimio la ulinzi shirikishi. Kila nyumba 2,000 kwa mwezi, vijana wa doria wapate posho. Anayeshindwa kulipa atalinda mwenyewe kwa zamu. Mimi laki tisa zilikuwa zimeshanikausha, nikaomba subira mpaka mwisho wa mwezi. Mweka hazina akanitazama juu ya miwani, akasema, "Asiye na fedha ana miguu." Watu wakacheka. Nikaandikwa Jumanne na Ijumaa.

Mnajua sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980? Wale walitoka na pinde na mishale, na wezi wa ng'ombe walikuwa wakiisikia ngoma yao wanahama wilaya. Sisi tulikabidhiwa rungu moja, filimbi mbili na koti la mvua. Mvua Dodoma zinakwisha Aprili, na tulikuwa Julai. Filimbi moja haikuwa na punje ndani, ukiipuliza inatoa pumzi tu, kama mtu anayepoza chai.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee mmoja Mgogo wa hapa hapa, jirani wa marehemu baba. Nilimwamkia, "Mbukwa, mzee," akaniitikia, akanitazama miguuni, akauliza kama ndiyo viatu nilivyokuja navyo lindoni. Baridi ya Julai saa nane usiku mtu wa pwani hawezi kuiamini. Nilikuwa na sweta mbili na taulo shingoni. Mzee alijifunga shuka tu, anatembea kama anakwenda shambani saa kumi na mbili asubuhi. Akanisimulia kwamba zamani mwizi alikuwa mwizi wa ng'ombe, alitembea usiku kucha porini na fisi wanamfuata, alikuwa mtu wa kazi. "Huyu wenu anaiba malapa," alisema, akatema mate.

Jambo moja nililigundua zamuni na nimelisema kila mahali, hakuna anayenisikiliza. Mtaa wetu hatuulindi sisi. Unalindwa na mgao wa maji. Kwetu maji yanatoka usiku, mara nyingi kati ya saa saba na saa kumi, na siku ya maji mtaa mzima uko macho. Taa zinawaka, ndoo zinagongana, kina mama wanaitana, watoto wanavuta mipira kwenda kwenye simtanki. Mwizi ataingilia wapi? Tukipita na rungu letu, tunaonekana sisi ndio tunazurura. Mama mmoja alinikabidhi ndoo mbili nimsaidie mpaka ndani, nikamsaidia, na huo ndio msaada wa usalama nilioutoa mwezi wa saba. Wizi wote tulioandikiwa ulitokea usiku ambao bomba limekauka. Nikapendekeza mkutanoni tuombe maji yatoke usiku wa kila siku. Mwenyekiti akasema hilo si suala la ulinzi.

Tulikuwa na fununu moja tu: nyayo. Vumbi la huku ni zuri kwa kitu hicho kimoja, linaandika. Asubuhi vijana wa doria walikuwa wanakuta alama za malapa yenye soli ya vibokisi vibokisi na nyota kisiginoni. Zinapita uchochoro wa msikitini, zinazunguka dukani, zinakwenda mpaka kwenye geti langu na kurudi. Wakanieleza kwa sauti ya huruma: "Kaka, huyu mtu anakuwinda wewe." Nilikosa usingizi siku tatu. Nilinunua na kufuli la pili. Sikuwahi kugeuza lapa nikatazama chini yake. Nani anageuza lapa?

Ijumaa ile upepo ulikuwa umeshiba. Saa nane na nusu tukaitwa mbio kwa jirani mmoja mtumishi, amehamia kutoka Dar es Salaam, anasema mwizi yuko juu ya bati anatembea. Tukasimama watu sita tunamulika. Kweli, bati linaita: ngwa, ngwa, ngwa. Mzee akasikiliza kidogo, akasema, "Huyo ni msumari." Akaniachia rungu, akaenda zake kulala. Ulikuwa msumari.

Nami nikajirudia nyumbani. Nikagonga geti.

"Nani?"

"Mimi, Mama Neema."

"Mimi nani?"

Nikataja jina langu. Kimya. Nikataja na la ukoo. Akajibu kutoka ndani, "Majina yetu mnayajua." Upepo nao ulikuwa unaibeba sauti yangu unaipeleka Chang'ombe, inamfikia nusu. Nikamsihi. Akasema, haya, kama wewe ni Baba Neema kweli, Neema kazaliwa tarehe ngapi?

Jamani. Nina watoto wanne. Tarehe ninazo zote kichwani, ila hazijapangwa. Nikasema tarehe kumi na tisa. Kumbe kumi na tisa ni ya yule wa tatu.

"Mwizi mkubwa wewe!" akapiga kelele. "Na Baba Neema yuko doria, anakuja sasa hivi!"

Kwa hiyo nikasubiri niokolewe na mimi mwenyewe. Baridi ikazidi. Nikaona njia ni ukuta, upande wa choo, ambako najua fundi aliweka chupa chache kwa sababu kiroba kiliisha. Nikatupa rungu ndani, nikapanda. Nilipofika juu, taa ya sola ikawaka. Ile taa nilikuwa nimelalamika dukani kwamba haina nguvu. Ilinimulika mpaka nikaona vivuli vya masikio yangu kwenye nyumba ya pili. Nikataka kuruka, suruali ikasema hapana, chupa imeshika kiti cha suruali na hailegezi. Hiyo 40,000 ya fundi ilikuwa halali yake, nimemsengenya bure. Na ndipo Kamanda, mbwa ambaye tangu nimnunue sijawahi kusikia sauti yake, akatoka chini ya kitanda, akaja mpaka dirishani kwenye grili, akabweka. Alibweka kama ananidai.

Filimbi ikalia. Ile nzima, maana ya pumzi nilikuwa nayo mimi mfukoni. Vijana wakafika na tochi, majirani wakafika na michi. Nilipaza sauti, "Ni mimi!" Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Tunakujua, kaka, tulia." Alikuwa ameshalishika lapa langu, lililoanguka upande wa nje. Akaligeuza. Akalimulika. Wakainama wote, kama wanasoma tangazo.

Vibokisi vibokisi. Nyota kisiginoni.

Sikumbuki nilieleza nini. Nilieleza habari ya jogoo, kwamba malapa si yangu, ni ya mwizi, nimeyavaa tu. Kila nilivyoongeza maneno ndivyo nyuso zilivyozidi kukaza. Mwenyekiti akaja amejifunga kanga ya mkewe mabegani, akagonga geti langu, akajitambulisha. Mama Neema akamuuliza alichaguliwa lini. "Tarehe 27 Novemba 2024," akajibu bila kupumua. Geti likafunguliwa. Mimi nilikuwa bado juu.

Jumapili mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti alisimama na furaha ambayo sijaiona tangu ashinde. Akasema ndugu wananchi, kuna waliobeza ulinzi shirikishi, sasa ukweli umeonekana: taa imefanya kazi, ukuta umefanya kazi, mbwa amefanya kazi, filimbi imelia, na kuanzia filimbi mpaka mtu kukamatwa ni dakika nne. Akaniomba nisimame watu wanione. Nikasimama, nimevaa viatu vya Jumapili. Kwa mafanikio hayo, akasema, mchango unapanda kutoka 2,000 kwenda 3,000, anayeunga mkono apige makofi.

Mkutano mzima ukapiga. Mama Neema alipiga kwa mikono miwili juu ya kichwa. Nami nikapiga, kwa sababu walikuwa wote wananiangalia, na mweka hazina alikuwa ameshafungua kitabu kwenye ukurasa wangu.