Reli Ianzie Malaba

Sisi tuliokulia Busia neno boda hatukulisoma kitabuni. Miaka ya sitini na sabini, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri alilazimika kukivuka na mizigo yake kichwani. Vijana wakafunga matakia nyuma ya baiskeli na kuanza kuita, "Boda, boda!", yaani toka mpaka huu hadi ule. Leo hata Mombasa, mbali kabisa na Busia, pikipiki inaitwa bodaboda.

Huo ndio usafiri pekee ninaoujua katika eneo letu ambao ulizaliwa mpakani kisha ukaingia ndani ya nchi. Miradi yetu mingine huanzia pwani au jiji kuu, na ikikaribia mpakani inakuwa imeishiwa na pumzi.

Chukua reli. Ile ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, na kweli Kisumu siku hizo ilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa magharibi, na reli ikajikuta imekomea Kenya bila kuhama hata hatua moja. Kampala walisubiri hadi 1931 kufikiwa na njia ile inayopanda kutoka hapa Nakuru. Reli ya kisasa nayo ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikasukumwa hadi Naivasha 2019, ikakoma. Kontena la Kampala likifika hapo kwa treni sharti lihamishwe: kutoka behewa la njia yenye upana wa milimita 1,435 hadi behewa la njia ya mkoloni, milimita 1,000. Au linapakiwa kwenye trela, linakuja kutupigia honi hapa Nakuru usiku kucha.

Wakati huo huo Uganda, Oktoba 2024, walitia saini mkataba wa reli yao ya kisasa, kilomita 272, kutoka Malaba, mji wa mpakani kati yetu na wao, hadi Kampala. Soma tena: kutoka Malaba. Wao wanaanzia mlangoni. Wakimaliza kabla yetu watakuwa na kituo kizuri kinachotazama nyasi za Kenya.

Hapo ndipo ninapogombana na wapangaji wetu. Wengi wanafikiri kuunganisha bara ni suala la pesa na saruji. Mimi naona ni suala la kalenda. Nenda Kisumu ukaone gati la mafuta. Lilikamilika 2018, mafuta yatoke kwenye bomba, yapakiwe melini na kuvuka ziwa hadi Bugiri-Bukasa, si mbali na Entebbe. Gati likakaa miaka minne hivi bila kazi, kwa kuwa ng'ambo mahali pa kuyapokea palikuwa bado pakijengwa. Gati lenyewe halina kasoro. Lililokosekana ni karatasi moja yenye tarehe moja, iliyosainiwa na pande zote mbili kabla ya nguzo ya kwanza kuzamishwa majini.

Mhandisi atanicheka. Ataniambia reli haiwezi kuanzia Malaba, kwani vyuma na mashine vinashukia Mombasa. Sawa, vyuma vianzie atakako. Mimi nasema mpango ndio uanzie Malaba: ardhi ya kule ilipwe fidia kwanza, upana wa njia na mfumo wa breki ukubaliwe kwanza, ijulikane ofisa yupi wa forodha atakagua behewa na wapi. Kipande cha mpakani kikishafungwa kwa mkataba wa nchi mbili, serikali itakayokuja haitaona haya kuacha kazi Naivasha? Labda haitaona, lakini angalau itakuwa na jirani wa kuidai.

Tunajua inawezekana. Kituo cha pamoja cha ukaguzi wa mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kilipangwa hivyo, huku na kule kwa pamoja. Anayeingia Uganda anagongewa mihuri yote miwili upande wa Uganda, na anayekuja huku anagongewa huku. Mwaka 2020 korona ilipoingia, kila nchi ikarudi kujifanyia mambo yake, na foleni ya matrela Malaba ikanyoosha kilomita kwa kilomita, madereva wakilala chini ya magari yao wakingoja majibu ya vipimo. Majengo yalikuwepo vilevile.

Soko huru la Afrika lilianza biashara 1 Januari 2021, na Kongo ya Kinshasa ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, jumuiya yetu ikagusa Atlantiki. Kwenye ramani za wakubwa, hii barabara ninayonunulia sukumawiki ni sehemu ya njia kuu ya Lagos hadi Mombasa. Mama mboga wangu sikumwambia, asije akapandisha bei.

Mara ya mwisho nilipokuwa Busia nilimsimamisha kijana aliyefunga trei za mayai kwa mpira wa tyubu. Nikamuuliza nauli ya kuvuka. Alinitajia kwa shilingi zetu na kwa zao, kwa pumzi moja, kisha akauliza, "Na jioni unarudi saa ngapi, mwalimu, nije nikuchukue?"