Mungu na malimwengu mengi: ugomvi uko wapi hasa?

Kiswahili kinatutatiza kabla hata hoja haijaanza. "Ulimwengu" kwa maana ya anga yote na vilivyomo hauna wingi uliozoeleka, kwani "malimwengu" tumekwisha kuyatumia kwa mambo ya dunia na vituko vyake. Hapa nitalibeba neno hilo kwa maana mpya: anga nyingi zilizotengana, ambazo huenda kila moja ina sheria zake za maumbile.

Dhana hiyo haikubuniwa ili kumkimbia Mungu, ingawa wapo wanaodai hivyo. Mwaka 1981 mwanafizikia Alan Guth alipendekeza kuwa ulimwengu mchanga ulitanuka ghafla kwa kasi kubwa mno. Wanafizikia wenzake Alexander Vilenkin na Andrei Linde wakaja kuonyesha kwamba, katika sura nyingi za nadharia hiyo, mtanuko haukomi kila mahali kwa pamoja, bali hukoma hapa na kuendelea kule, na kila unapokoma hubaki povu ambalo walio ndani yake wangeliita ulimwengu.

Ugomvi na teolojia unaanzia kwenye nishati ya anga tupu, yaani ile iliyomo hata pasipo na kitu, ambayo huisukuma anga itanuke. Makadirio ya kawaida ya fizikia huipa nishati hiyo thamani inayozidi ile iliyopimwa kwa takriban 10 kwa kipeo cha 120, yaani moja yenye sifuri 120 nyuma yake. Kama ingekuwa kubwa kupita kiasi, maada ingetawanywa kabla galaksi hazijajikusanya, na pasipo galaksi hapangekuwa na nyota wala sayari. Muumini akitazama usawa huo huona mkono wa Muumba. Mtetezi wa malimwengu mengi hujibu kuwa, ikiwa thamani hiyo hubadilika kutoka povu hadi povu, si ajabu sisi kujikuta katika moja ya yale machache yanayokalika.

Jibu hilo lina uzito kuliko wahubiri wengi wanavyokiri. Mwaka 1987 mwanafizikia Steven Weinberg alilitumia kukadiria kuwa nishati hiyo isingezidi sana kiwango kinachoruhusu galaksi kuumbika, na kwamba hakukuwa na sababu ya kuitarajia iwe sifuri kamili. Mwaka 1998 wanaastronomia waligundua kuwa mtanuko wa ulimwengu unaongeza kasi, jambo linaloafikiana na nishati ndogo isiyo sifuri.

Hata hivyo, mwanafalsafa Ian Hacking aliitia doa hoja ya namna hii katika mwaka huohuo wa 1987. Mtu anaingia chumbani, anakuta dadu mbili zimeangukia sita na sita, naye anasema: bila shaka zimerushwa mara nyingi kabla sijaingia. Amekosea, kwa sababu mirusho iliyopita haiongezi uwezekano wa huu mmoja aliouona. Waliompinga wakauliza: je, kama mlango hufunguliwa tu zinapotokea sita mbili? Hiyo ndiyo hali yetu, kwani pasipo mazingira yanayofaa tusingekuwapo kuuliza. Naona upinzani huo una nguvu, ila unatuambia tu kwa nini hatushuhudii matokeo mengine; hauthibitishi kuwa kweli kuna mirusho mingine. Isitoshe, mtanuko unaozaa mapovu nao huenda kwa sheria, na sheria hizo zimetoka wapi? Asiyeamini atarudisha swali kwa Mungu, na sioni kama kuna upande uliojibu kwa namna ya kumridhisha mwenzake.

Wanateolojia wenyewe hawakulingoja suala hili hadi leo. Mwanateolojia wa Kiislamu Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1209, alishikilia, dhidi ya wanafalsafa waliosema ulimwengu ni mmoja tu, kwamba Mwenyezi Mungu anao uwezo wa kuumba maelfu ya malimwengu nje ya huu. Mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani kauli 219, mojawapo ikiwa ile ya kwamba Sababu ya Kwanza, yaani Mungu, haiwezi kuumba malimwengu mengi. Kwao wingi huo ulikuwa dalili ya uweza wa Mungu. (Tafsiri za Kiswahili za Kurani husema "Mola wa walimwengu wote", na hivyo kuelekeza macho kwa wakazi badala ya makazi.)

Kwa hiyo mzigo mzito wa muumini, kwa maoni yangu, hauko kwenye idadi ya malimwengu. Uko kwenye ile sura kali ya nadharia isemayo kuwa kila linalowezekana hutukia mahali fulani. Mama akimwombea mwanawe mgonjwa, basi mahali pamoja mtoto anainuka kitandani na mahali pengine, kwa mama anayefanana naye kwa kila hali na kwa maneno yaleyale ya sala, anazikwa. Itakuwa vigumu kusema kuwa sala imejibiwa, au kwamba Mungu alichagua lolote. Baadhi ya wanafalsafa wanaoamini hujinasua kwa kusema kuwa Mungu huumba tu malimwengu yanayostahili kuwapo. Lakini wakisema hivyo wamekwisha kuiacha sura ile kali, na hawana budi kueleza kwa nini huu wetu, pamoja na kaburi la mtoto huyo, ulihesabiwa miongoni mwa yanayostahili.