Geti la Futi Nane Lisilopitisha Gari

Jamani, Dar hii mtu anachagua vigae vya chooni miezi mitatu, anazunguka Kariakoo mpaka wauza vigae wanamwita shemeji. Ila geti, kitu atakachokifungua na kukifunga kila siku ya Mungu mpaka azeeke, fundi analipima kwa hatua. "Moja, mbili, tatu, nne... hapo inatosha, bosi." Hatua za nani? Za fundi mwenye miguu ya korongo au za saidia fundi mfupi? Hakuna anayeuliza. Wiki mbili baadaye gari liko nje limekunja masikio kama punda aliyekemewa, dada yuko ndani anapunga mkono, "njoo, njoo, njoo," na krrrr ya ubavuni ndiyo inayoitikia.

Kosa la kwanza ni kupima gari kwa macho. Toyota IST ile ya kwanza ina upana wa mita 1.695. Noah ya zamani, hivyo hivyo. Prado ile ya 150 ina mita 1.885. Na hizo ni namba za bodi tu, vioo vya pembeni havimo. Mwenye IST anajenga geti la IST, kana kwamba ameapa msikitini kwamba hatanunua gari kubwa. Halafu mambo yanamnyookea, anashusha Prado, na Prado inalala nje kama mgeni asiyejulikana kwao wapi.

Kosa la pili ndilo linalouma, kwa sababu hata wenye tepu wanalifanya. Ukisema geti la futi 12, wewe unamaanisha njia ya futi 12. Fundi anamaanisha nafasi kati ya nguzo na nguzo. Hivyo si kitu kimoja. Bawaba zikikaa katikati ya nguzo, milango ikifunguka nyuzi 90 inasimama ndani ya njia yako kama wasimamizi wa harusi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kila mmoja unakula unene wa fremu, sentimita 5, na pengo la bawaba, sentimita 3. Weka na vishikio na makomeo. Sentimita 366 zako zimebaki kama 346. Kwa futi 12 bado unapita unapiga mluzi. Sasa fanya hesabu hiyo kwa futi 8: zinabaki sentimita 224, IST inapata 27 kila upande, Prado inapata 18, na kioo chenyewe kinameza karibu zote.

Ukitaka njia yako yote, bawaba zifungwe uso wa nguzo unaotazama uani, mlango ukifunguka ujifiche nyuma yake. Hilo lisemwe kabla nguzo hazijamwagwa zege. Ukilisema siku ya kufunga, fundi atakuangalia kama umemwomba ahamishe Kigamboni.

Kwa nini futi 8 zimejaa mitaani? Kwa sababu shiti ya chuma inauzwa futi 4 kwa 8. Shiti moja mlango mmoja, hakuna kukata, hakuna kuunga, grenda imepumzika. Geti la futi 8 halikupimwa kwa gari, limepimwa kwa shiti. Na cha kuudhi zaidi, futi 12 nayo inakubali vizuri tu: shiti moja na nusu kila mlango, jumla tatu, kinachobaki ni vipande vya kufunikia kisima. Lakini fundi hakwambii, maana shiti ya tatu ina kuunga, na kuunga kuna kazi.

Ukishafika kwenye shiti, jihadhari na geji. Huku kwetu kikubwa ni kikubwa, isipokuwa geji. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2. Namba ikipanda, chuma kinakonda. Sasa ukisikia, "Mzee, wengine wanaweka 16, wewe nakuwekea 18," usimshukuru.

Tuje kwenye vipimo vyenyewe. Pima kati ya nguzo mara tatu: chini, katikati, juu. Hazitalingana, usipoteze muda kushangaa, chukua ndogo. Ikiwa ni 366, toa 3 na 3 za bawaba, toa moja na nusu ya katikati, gawa kwa mbili. Kila mlango 179 na chenji kidogo. Urefu ukiwa 210, pima fremu kona hadi kona kabla ya kuchomea moja kwa moja: zote mbili zisome kama 276. Moja ikisoma 276 na nyingine 279, hiyo fremu imelala upande, na fundi atasema itajinyoosha ikifungwa. Chuma hakijinyooshi. Ni sisi tunaozoea.

Uzuri wa milango miwili ni uani. IST ina urefu wa mita 3.85. Ikisimama katikati ya njia, milango miwili ya 179 inahitaji kama mita moja na nusu nyuma ya gari ili ifunge, kwa hiyo mita 5.4 toka geti hadi ukutani zinatosha. Mlango mmoja mpana wa mita 3.6 unataka kama mita tatu na nusu za kuzungukia. Kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini ambacho nyumba imekalia robo tatu, hizo mita utazitoa sebuleni?

Halafu kuna watu wa Kimara na Goba, wenye uwanja unaopanda. Uwanja ukipanda sentimita 15 ndani ya upana wa mlango, na chini umeacha 5, mlango unagonga sakafu kabla haujafika hata robo ya safari. Unabaki na geti la kutolea mkono. Suluhisho la haraka la mtaani ni kufungulia nje, kwenye njia ya watu: bodaboda anakuja na mishikaki ya abiria, mlango unatoka, na kesi unayo. Chimba sakafu ya ndani iwe sawa pale mlango unapozunguka, au nenda kwenye geti la kusukuma. Hilo nalo linataka ukuta ulionyooka upande mmoja wa zaidi ya mita nne, usio na kibaraza, mti wala tenki. Na reli yake itafagiliwa kila siku, la sivyo mchanga wa masika utaligeuza kuwa ukuta.

Sasa uzito. Mlango wa 179 kwa 210 wa geji 16, fremu ya paipu za mraba za milimita 50 zenye unene wa milimita 2, una kilo kama 70 hivi. Hapo bado maua, mikuki na simba wawili wanaotazamana. Uzito huo hauning'inii mlangoni, unavuta bawaba ya juu itoke nguzoni. Bawaba ya juu na ya chini zikiachana mita 1.5, ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo 40 na ushee usiku na mchana, hata wewe ukiwa umelala. Zikikaribiana, mzigo unaongezeka. Weka tatu, ya juu na ya chini zifike karibu na pembe.

Nguzo yenyewe iwe zege la kweli: sentimita 30 kwa 30, nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga kila sentimita 15 hadi 20, na mguu uliozama ardhini. Nondo za kushikia bawaba zifungwe kwenye nondo za nguzo kabla ya kumwaga. Hapa kwetu utaratibu ni kumwaga kwanza, kisha kuja na nyundo na tindo kuitafuta nondo kama anayetafuta mchwa. Tofali tupu zilizopigwa plasta si nguzo. Zege linamwagiwa maji angalau siku saba na linafikia nguvu yake kama siku ya 28. Fundi analining'iniza geti siku ya tatu kwa sababu anahitaji hela ya Ijumaa. Mwezi wa pili ncha za katikati zimeinama, zinasalimiana kama wazee, na komeo haliingii mpaka unyanyue kwa goti.

Komeo la chini nalo! Linachimbiwa kishimo, kishimo kinajaa mchanga, mchanga unashindiliwa na matairi, na kila jioni kuna mtu mzima kapiga magoti anachokonoa na msumari. Zika kipande cha bomba cha sentimita 30, chini kiwe wazi juu ya kokoto ili maji yapenye. Kazi ya nusu saa.

Kigeti cha watu ndani ya geti kubwa kinakata fremu palepale inapohitaji nguvu, na kile kizingiti chake kimewapiga watu chini kuliko maganda ya ndizi. Nafasi ikiwepo, weka mlango wa pembeni wa sentimita 90 wenye nguzo yake. Kutu nayo, hasa ukiwa Mbezi Beach au Kigamboni penye upepo wa chumvi, inaanzia chini, shiti inapokutana na paipu. Toboa matundu ya kutolea maji kwenye paipu ya chini, piga brashi ya waya kwenye machomeo, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili pande zote, kisha ndiyo rangi ya urembo. Wengi wanapaka upande wa barabarani tu. Upande wa ndani ni wa familia, wataelewa.

Kisha fundi anakunja waya wake, anasema "bosi, limekaa hilo," anaondoka, na jioni upepo unapuliza. Mlango wa kushoto unarudi na kubusu taa ya gari. Hakuna aliyekumbuka kishikizo cha kuushika ukiwa wazi, kile kipande cha chuma cha elfu chache tu cha kuzika kwenye zege. Kwa hiyo linaletwa tofali. Kila nyumba ya Dar ina tofali lake la geti. Watoto wanalijua, wageni wanajikwaa nalo, na siku ya kupaka geti rangi upya, nalo linapakwa.