Ndiyo, nimebadilika. Kwani tuliandikiana mkataba?

"Umebadilika sana siku hizi."

Dada yangu aliniambia hivyo wiki iliyopita, saa tano usiku, baada ya kimya kirefu kiasi kwamba nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni upande wake wa simu. Kosa langu? Alitaka nimpigie kaka yetu nimfikishie yale ambayo yeye anaogopa kumwambia. Kazi hiyo ninayo tangu nina miaka 12: nachukua maneno ya huyu, nayapunguza makali, nampelekea yule. Safari hii nikasema, "Dada, mpigie mwenyewe." Basi! Ungedhani nimetangaza kuhama ukoo.

Tangu siku hiyo nalitafuna hilo neno. Mtu akiacha ulevi tunasema ametulia. Akiacha ugomvi, amekua. Akiacha kutubebea mizigo yetu, hapo ndipo "amebadilika", tena kwa sauti ile ya kutangaza msiba.

Kila nyumba hugawa vyeo mapema, bila kikao wala kura. Huyu mtukutu, yule mwenye akili, huyu wa kuchekesha, yule wa kukopwa. Mimi nikapewa usuluhishi, pengine kwa sababu nilikuwa mtoto ninayeogopa kelele. Watu wakaona utulivu. Mimi nilikuwa natetemeka. Sasa natakiwa kuutumikia woga wa mtoto wa miaka 12 mpaka nizeeke, na hakuna kustaafu. Mchekeshaji akikaa kimya siku moja anaulizwa kama anaumwa. Wa kukopwa akisema hana, anaambiwa ana maringo. Hakuna anayeuliza, "Na wewe je, ulikipenda hicho cheo?" Wanakupenda, sikatai. Ila wanampenda yule waliyemzoea, na wewe umegeuka mgeni aliyevaa nguo zake.

Na tusisingizie methali. "Samaki mkunje angali mbichi" ni ushauri wa malezi, si hukumu kwamba ukishavuka ujana umekauka. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu zaidi ya 19,000, wenye umri wa miaka 18 hadi 68. Vijana kwa wazee walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, lakini wakaamini kwamba miaka 10 ijayo watabadilika kidogo tu. Yaani hata sisi wenyewe kila siku tunadhani tumefika. Sasa nimlaumu vipi dada kwa kuamini kwamba mimi nilifika nikiwa na miaka 12?

Namlaumu kidogo, hata hivyo.

Haya, kuna upande wa pili, nao nausema kwa shingo upande. Wapo waliogeuza "nimekua" kuwa kibali cha ufedhuli. Kasikiliza mahubiri mawili ya kujitambua, tayari mama yake mzazi ni "sumu". Mwingine kapata pesa, simu hapokei, anasema analinda amani yake. Huyo akiambiwa amebadilika, aambiwe tena na tena. Mimi simu nilipokea.

Nilikuwa na hasira hiyo mpaka Jumapili. Nilitoka nyumbani na mdogo wetu wa mwisho, yule aliyewahi kusahau mlango wazi tukaibiwa redio. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Leo ana watoto wawili, na kazini ndiye anayekabidhiwa funguo za ghala. Tumefika nje, mdomo wangu ukajifungua wenyewe: "Umefunga mlango?"

Hakujibu. Aliinua ufunguo mbele ya macho yangu, akaushika hapo kwa muda, kisha akautia mfukoni na kutangulia. Nikatazama mgongo wake. Nilijua kabisa nimefanya nini. Siku nne nzima nilikuwa namlalamikia dada kwa jambo hilohilo.

Na bado, Mungu anisamehe, nikarudi kutikisa kitasa.

Kilikuwa kimefungwa.