Hesabu Miguu, Usihesabu Miavuli

Mjomba wangu alikuwa mkaguzi wa hesabu mpaka alipostaafu, na kazi ile haijamtoka mwilini. Ukimpa maagizo anayafuata yalivyo, bila kuongeza nukta wala kupunguza. Abiria wa namna hiyo ni tunu kwa rubani wa ndege ndogo. Wengine hushika wasichopaswa kushika, huuliza kama mafuta yametosha mkiwa tayari mko juu, au hufungua dirisha wapige picha. Mjomba hana hayo. Kwa hiyo nilimkaribisha kiti cha kulia cha Cessna 172 nikiwa na amani kabisa.

Kabla ya kuwasha injini nilimpa masharti. Asiguse usukani. Asiguse mlango. Na tukianza kushuka kwenda kutua, asinisemeshe neno lolote, isipokuwa ameona ndege nyingine.

"Ndege tu?" akauliza.

"Ndege tu, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa. Ingekuwa kwenye karatasi, angetaka tutie saini wote wawili.

Nikamfundisha pia jinsi marubani wanavyoelekezana kwa uso wa saa: jifanye umekaa katikati ya saa, pua ya ndege iko kwenye namba kumi na mbili, kisha taja mshale mfupi ungeelekea wapi. Hakuuliza swali. Mtu aliyesoma saa maisha yake yote ataulizaje?

Uwanja tuliokuwa tunaelekea ni mdogo na hauna mnara wa kuongozea ndege. Kwenye viwanja kama hivyo marubani hujitangaza wenyewe redioni, wote katika masafa mamoja: mimi ni fulani, niko mahali fulani, nakwenda kufanya jambo fulani, aliye karibu ajihadhari. Uwanja huo ni wa warukaji wa parachuti pia, na hilo si siri. Ramani ya anga ina alama ya mwavuli juu yake, na NOTAM ya siku ile, yaani tangazo rasmi kwa marubani, ilisema watu watarushwa kutoka asubuhi hadi jioni. Niliisoma. Mjomba naye aliisoma, mara mbili, akasema imeandikwa kwa herufi kubwa tupu kana kwamba mwandishi amekasirika.

Niseme kidogo kwa nini marubani tunawaheshimu watu hawa. Mrukaji akitoka kwenye ndege futi 13,000, takriban mita 4,000, huporomoka karibu dakika nzima kabla ya kufungua mwavuli, na kasi yake hufikia kilomita 190 au 200 kwa saa. Cessna yangu nayo ilikuwa inakwenda karibu kasi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nakwenda mbele na yeye anakwenda chini. Hana taa, hana injini, na hana ile transponda inayozifanya ndege zionane kwenye vyombo, kwa hiyo kwa mujibu wa vyombo vyangu mtu huyo hayupo duniani. Hata akishafungua mwavuli anaweza kukata kona, lakini kupanda juu kukukwepa hawezi. Wa kukwepa ni wewe mwenye injini.

Halafu kuna suala la bawa. Bawa la Cessna 172 liko juu ya vichwa vya abiria. Ni zuri kwa kutazama ardhi, na mkiegesha linawapa kivuli. Ila ukitaka kuona kinachokuja kutoka juu, unaona bati.

Nikajitangaza tukiwa bado mbali. Rubani wa ndege ya warukaji, Cessna Caravan, akanijibu kwa upole. Alikuwa anapanda na watu wanane, akasema atawarusha magharibi ya uwanja, mimi nikae mashariki. Nikamshukuru, nikakaa mashariki. Kwa upande wangu mambo yalikuwa yamepangika kama harusi ya mtu mwenye pesa. Nilipofika karibu nikajitangaza tena: niko mashariki ya uwanja, futi elfu tatu, nashuka kwenda kutua. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyepaswa kujibu. Nikapunguza moto wa injini. Mjomba akafunga mdomo wake, kwa kuwa tumeanza kushuka na masharti ni masharti.

Ndipo kwa pembe ya jicho nikamwona anapunga mkono.

Alikuwa anapunga taratibu, kiganja wazi, kwa heshima, kama anavyomsalimu mtu anayemfahamu upande wa pili wa barabara. Tulikuwa karibu kilomita moja juu ya ardhi.

"Mjomba, unampungia nani?"

Akaweka kidole kwenye midomo, akanikumbusha sharti.

"Sema tu, nimekuruhusu."

"Nampungia yule bwana."

"Bwana gani?"

"Aliyening'inia. Mwenzake ameshapita."

"Amepita kwenda wapi?"

"Chini."

Damu ikanihama. "Wako upande gani?"

"Saa tisa," akajibu bila kusita.

Nikageuza shingo kushoto, kwenye namba tisa. Kushoto kulikuwa na uwanja, miti, na anga safi la kutia moyo. Nikakodoa macho. Hakuna mtu. Nikaanza kufikiria labda mwinuko umempanda mjomba kichwani. Nilipomgeukia nimwangalie afya yake, nikaona kidole chake kimeelekezwa kulia kwa uhakika wote wa mkaguzi anayeonyesha stakabadhi iliyoghushiwa. Kulia, pale namba tatu ilipo. Mshale mfupi ukiwa kwenye namba tatu, wewe na mimi na kila aliyefundishwa saa na mama yake tunasema ni saa ngapi? Basi.

Na pale saa tisa ya mjomba alikuwepo mwanamume mwenye mwavuli wa njano, usawa wa dirisha letu, karibu kiasi kwamba niliona soli za viatu vyake ni nyeupe. Alikuwa anapunga mikono yote miwili na kurusha miguu. Mjomba akampungia tena.

Nikaivuta ndege kushoto kwa nguvu ambazo vitabu huziandika katika sura ya mwisho. Bawa la kushoto likalala, la kulia likasimama, na dirisha la mjomba, ambalo dakika nzima lilikuwa linaonyesha upeo wa macho, sasa likawa linatazama mbinguni. Kofia yake ikaruka nyuma. Miwani ikamshuka mpaka mdomoni. Akairudisha, akatazama juu kupitia lile dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu tupae akapaza sauti bila kibali:

"Lo! Wako wengi!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nikiona ndege. Hao ni watu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nikanyoosha ndege kurudi tulikotoka, mbali na wote, nikajitangaza kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko yangu ya kawaida. Rubani wa Caravan akaitika. Naye sauti ilikuwa imemkauka. Akasema watu wake wanane wote wameshatoka, nibaki huko niliko mpaka watue.

"Wanane," mjomba akarudia, na nikajua moyoni kwamba hapo tumekwisha.

Nilipokata kona kubwa tukawa tunawaona vizuri, wametawanyika angani wakishuka polepole kuelekea uwanjani. Mjomba akatoa daftari, maana haendi popote bila daftari. Akahesabu kwa kalamu, mmoja mmoja, akitaja rangi. Njano. Buluu. Buluu na nyeupe. Nyekundu. Nyekundu mkubwa. Kijani mkubwa.

"Sita," akasema.

"Hesabu tena."

Akahesabu tena akianzia mwisho, kama wanavyofanya wataalamu. "Sita. Hesabu haifungi. Kuna upungufu wa wawili."

Nawaambia ukweli, akili ya mtu aliyeogopa haina maktaba. Yote niliyowahi kusoma kuhusu warukaji yalifutika, likabaki swali moja: wawili wako wapi? Tulisikia kishindo? Hatukusikia. Injini inatetemeka? Inatetemeka kama siku zote, ila siku zote huwa sitafuti maana ya mtetemo. Nikaitazama propela, ambayo ikizunguka haionekani, kwa hiyo nilikuwa natazama hewa nikitafuta ushahidi.

Mjomba akainama mbele, akapinda shingo kuchungulia sehemu ya juu ya bawa.

"Hakuna aliyekaa hapo juu?"

"Hawezi mtu kukaa hapo, mjomba."

"Umeangalia?"

Nikaangalia. Niliangalia vizuri kabisa, upande wangu na upande wake.

Nikashika redio. "Naona miavuli sita tu. Sita. Wawili siwaoni."

Kimya. Rubani wa Caravan alikuwa yuko kwenye mporomoko wake, kwani ndege za warukaji hushuka kwa haraka mno na mara nyingi hutua kabla ya warukaji wenyewe. Kimya kile kilikuwa kirefu. Mjomba alitumia nafasi hiyo kuandika neno "upungufu" na kulipigia mstari. Hatimaye ikaja sauti nyingine, ya mtu wa chini, mwenye redio ya mkononi pale wanapotua warukaji. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na wageni.

"Wawili wamefungwa na wakufunzi wao. Hesabu miguu, usihesabu miavuli."

Naam. Wale wenye miavuli mikubwa, mwekundu na wa kijani, kila mmoja ulibeba watu wawili: mkufunzi nyuma, na mbele yake mgeni aliyefungwa kwa mikanda. Miavuli minne ya mtu mmojammoja, miwili ya wawili wawili, jumla wanane. Nikapumua mpaka kioo kikaingia ukungu.

"Kutoka huku miguu haionekani," mjomba akalalamika. "Ushahidi hautoshi." Hakufuta neno lake.

Tulitua baada ya mwavuli wa mwisho kulala majani. Bwana wa njano alikuwa anatusubiri, mwavuli wake ameukumbatia kifuani, uso bado haujarudi rangi yake. Mjomba akamwendea kwa mkono wazi.

"Tulionana kule juu. Ulinisalimu nikakuitikia."

"Sikukusalimu, mzee. Nilikuwa nakufukuza."

"Mbona hukusema?"

Yule bwana akanigeukia mimi. Akasema alipoona ndege haigeuki, na dirishani kuna mzee anampungia kwa furaha, aliamini kwa dhati kwamba humo ndani hamna rubani.

Fumbo la redio tulilifumbua palepale, mimi na rubani wa Caravan na yule wa redio ya mkononi. Alipofika juu, rubani alikuta upepo wa huko unavuma kutoka mashariki, kinyume na alivyotarajia. Warukaji hutolewa upande upepo unakotoka ili uwasukume kuelekea uwanjani, kwa hiyo akahamishia mrusho mashariki na akatangaza kama inavyotakiwa. Alitangaza sekunde ileile niliyokuwa mimi natangaza kwamba niko mashariki. Redio za ndege hazipokei wakati zinatuma. Yeye hakunisikia, mimi sikumsikia, na kila mmoja aliachia kitufe akiwa ameridhika kwamba amewaarifu wenzake. Yule wa chini peke yake ndiye aliyezipata sauti zote mbili, na sauti mbili zikigongana kwenye masafa mamoja hutoka mluzi mkali usio na maneno. Alidhani betri inakufa. Akaizima redio akabadilishe. Ndiyo maana kile kimya kilikuwa kirefu vile.

Tukacheka, kile kicheko cha watu ambao magoti bado yanacheza. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba siku nyingine mtu asubiri ajibiwe kabla ya kuingia, nami nilikuwa naagana nao, nilipogundua kwamba mjomba hayupo.

Alikuwa kwenye kibanda cha warukaji. Alikuwa amesimama mlangoni, miwani puani, daftari mkononi, akiuliza ni nani msimamizi, wametoka wangapi, wamepokelewa wangapi, na nani ametia saini ya kuwapokea. Msimamizi akamwuliza kwa woga yeye ni nani. Mjomba hasemi uongo. Akajibu: "Mimi ni mkaguzi, mstaafu." Lakini wakati huohuo Caravan iliwashwa nje, na mngurumo ukameza neno la mwisho.

Sijawahi kuona watu wazima wakisimama wima kwa kasi ile. Aliyekuwa amekalia mwavuli akauinukia. Kiti kikaletwa, kikafutwa vumbi. Likaletwa na sanduku la kadi za miavuli ya akiba, kila kadi ikionyesha mwavuli huo ulikunjwa lini na fundi gani mwenye leseni, pamoja na saini yake. Mjomba hakuomba kadi. Lakini umletee mkaguzi mstaafu sanduku la kadi zenye tarehe na saini, halafu utegemee asizisome?

Nilimwita nikiwa mlangoni. Nikamwambia upepo unabadilika na njia ni ndefu. Akainua kidole bila kuinua kichwa, ningoje. Alikuwa kwenye kadi ya tatu, na kwa jinsi alivyoisogeza karibu na miwani, msimamizi akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.