Rangi ya Baiskeli Ikitumika Paris Huitwa Ubunifu

Nimekutana nayo tena. Safari hii ni karatasi ya maelezo pembeni ya picha ya Tingatinga, kwenye maonyesho ambayo sitayataja: eti mchoraji alitumia rangi ile kwa kukosa vifaa bora. Aliyeandika bila shaka alidhani anamsifu marehemu.

Vifaa bora vipi? Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, mwaka 1968, alichukua rangi ya kupaka baiskeli na vipande vya mraba vya hadibodi. Picasso, mchoraji aliyeishi Paris, alianza kutumia Ripolin, rangi ya milango na kuta, mwaka 1912. Pollock, mchoraji wa Marekani, alimwaga rangi ya nyumba juu ya turubai lililotandikwa sakafuni. Vitabu vinasema hao wawili walithubutu. Wa kwetu, masikini, alikosa.

Haya, bei ilihusika, sibishi. Lakini rangi hiyo ina tabia zake, na hapo ndipo wataalamu wetu wanapofumba macho. Inang'aa. Inajitandaza yenyewe mpaka alama za brashi zinapotea. Ukitaka vivuli laini, vya kuyeyukiana taratibu, inakugomea. Basi mchoraji anamaliza nyuma kwa rangi moja bapa, anaacha ikauke, ndipo anamweka chui juu yake na mstari wake mkali, kisha madoa, moja moja. Ule utulivu wa ajabu wa chui wa Tingatinga, kama mnyama aliyesimama mahali pasipo na upepo, umetoka kwenye kopo. Mpe mtu yuleyule rangi za tyubu kutoka Ulaya, chui yule humpati. Na alipata miaka minne tu ya kazi hii. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa.

Najua mtanirushia picha za kuuzia watalii: simba yuleyule, machweo yaleyale, mbuyu uleule. Kweli, nyingi zinachosha. Hilo waulizwe wanunuzi, kopo halina kosa.

Man Ray, Mmarekani aliyefanya kazi Paris, kwa upande wa picha za kupiga, kuna kazi alizozifanya bila kamera kabisa: alipanga vitu juu ya karatasi ya kusafishia picha na kuwasha taa, vivuli vyake vikawa picha. Sijaona popote ameandikwa kwamba alikosa kamera.

Mwandishi wa karatasi ile apite duka la vifaa vya ujenzi, anunue kopo dogo na kipande cha hadibodi, achore chui mmoja. Rangi ya chui huyo isipochuruzika mpaka miguuni, nitamsikiliza kuhusu vifaa bora.