Orodha ndiyo kazi, msimbo ni mstari mmoja

Chukua kazi ambayo mwandishi wa programu nchini Tanzania anaweza kupewa wakati wowote: kupokea ujumbe mfupi wa simu na kuamua kama unafanana na ule wa matapeli tuliouzoea, “ile hela tuma kwenye namba hii”. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, swali huwa kama ndani ya ujumbe limo lolote kati ya maneno hela, tuma na simu. Kwa maoni yangu, msimbo wa kulijibu ni mstari mmoja tu, na muda tunaoutumia kuupamba mstari huo ungefaa kwenda kwenye orodha ya maneno yenyewe.

Mstari wenyewe ni any(n in ujumbe for n in maneno), baada ya ujumbe kupitishwa kwenye lower(), inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ili HELA na hela zihesabiwe sawa. Kitendakazi any, kilichoingia katika toleo la 2.5 mwaka 2006, huacha kutafuta mara tu kinapokuta neno la kwanza lililomo. Wanaoanza huandika if "hela" or "tuma" in ujumbe, kwa kuwa ndivyo tunavyolitamka swali kwa mdomo. Lakini in hutangulia or, hivyo "hela" hubaki peke yake upande wa kushoto, na kwa kuwa mfuatano wowote wa herufi usio mtupu huhesabiwa kuwa kweli, sharti hutimia hata kwa “Shikamoo mama”. Programu hailalamiki popote. Inakamata kila mtu.

Matokeo hayo hayo huletwa na orodha iliyosomwa kutoka kwenye faili yenye mstari mtupu mwishoni, kwa maana mfuatano mtupu umo ndani ya kila matini. Nayo ("hela") bila mkato si orodha ya neno moja, bali ni neno lenyewe, na any italipitia herufi kwa herufi. Ni ujumbe gani wa Kiswahili usio na herufi a?

Wapo wanaokimbilia re, moduli ya Python ya kutafuta maneno kwa ruwaza, kwa kudhani kwamba ndiyo njia ya wakomavu. Inafaa, ila kila neno lipite kwanza kwenye re.escape, inayozifanya alama zisomwe kama herufi za kawaida, la sivyo alama ya kujumlisha katika +255 itasomwa kama amri. Kwa orodha ya maelfu ya maneno ipo mbinu ya Aho na Corasick, iliyochapishwa mwaka 1975, ambayo huyatafuta maneno yote kwa kuipitia matini mara moja. Kwa maneno thelathini sioni haja yake.

Ugumu wa kweli uko katika lugha yetu. Neno simu limo ndani ya msimu na simulizi, kwa hiyo mkulima anayeandika kuhusu msimu wa mvua atahesabiwa tapeli. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kudai mipaka ya neno kwa \b, alama ya re ya mahali neno linapoanza au kuishia, na kwa nomino kama hii unafaa. Kwa kitenzi unaharibu, maana tuma lenye mipaka halitaiona nimetuma wala umtumapo. Ukiondoa mipaka, tuma linajitokeza ndani ya “natumaini hujambo”, salamu ambayo watu waungwana huanza nayo kila siku. Na hata hivyo nitumie itapita bila kuguswa, kwa kuwa irabu ya mwisho imebadilika.

Kwa sababu hiyo naona ni heri kuwa na orodha mbili: nomino zipite kwenye re zikiwa na mipaka yake, na vitenzi vipite kwenye any bila mipaka, kila umbo, tuma na tumie, likiandikwa peke yake. Kabla ya vitenzi kukaguliwa, ujumbe upitie replace("tumaini", " "), ambayo huondoa natumaini na matumaini kwa pamoja. Kukatia shina kwenye tum, kama wengine wanavyopendekeza, kutakuletea tumbo, tumbili na Mtume.